Nchi Iliyofungia Hongera

Nilivyofika Bahatika sitaeleza, maana hata mimi sikuona njia. Nilikuwa nabembeleza mtoto. Hilali wangu alikuwa amekwenda siku kadhaa analia bila sababu na kutafuna kila alichokishika, ncha ya khanga, kidole changu, kamba ya kapu. Nikamfunga mgongoni nikawa natembea naye, natembea, mpaka nikajikuta mbele ya lango la nchi nisiyoijua. Askari wa kike alikuwa amesimama hapo, kofia imenyooka, kibandiko cha jina kifuani: Mwajabu.

"Karibu Bahatika," akasema. Akamchungulia Hilali. "Pole kwa mtoto."

Nikamgusa mwanangu paji la uso. Halikuwa na joto. "Kwani ana nini, afande?"

"Hana kitu. Mzuri sana. Ndiyo maana nasema pole."

Kabla sijaelewa, akapita kaka mmoja amejitwika mlango mpya wa mninga, umepigwa randa hadi unang'aa. Waliokuwa langoni wakamwambia kwa heshima, "Pole kwa mlango." Naye akawajibu, "Nimeshapoa." Mimi nikamwambia kama ambavyo ningemwambia mtu wa mtaani kwetu, "Hongera, kaka. Mlango mzuri."

Kaka akasimama palepale, mlango ukayumba kichwani. Mama mmoja akamziba mwanawe masikio.

Mwajabu akanivuta pembeni taratibu, bila hasira. "Mgeni, hilo neno hapa ni mali ya serikali. Linatolewa pamoja na zawadi, kwenye mchezo wa Funua, na Karani wa Hongera peke yake. Kwa mambo mengine yote tuna pole. Pole haina kibali, tumia utakavyo."

"Hata kwa aliyejifungua?"

"Hasa aliyejifungua. Kwani ile kazi ndogo?"

Mkosaji wa mara ya kwanza huko hafungwi. Hujazwa maji mdomoni, akaambiwa asiyameze wala asiyateme mpaka afike anakolala. Basi ndivyo nilivyoingia Bahatika, mashavu yamevimba, mtoto mgongoni, watu wakinipa pole njia nzima.

Nyumba niliyopangiwa ilikuwa ya dada aitwaye Siwema, aliyekuwa na mimba kubwa, ile ya kukaa kwa kujipima. Alinifungulia mlango, akaniangalia mashavu, akacheka hadi akashika ukuta.

"Umeshalisema neno," akasema. "Njoo uteme huku uani, shoga. Maua yangu yote yanakunywa maji ya wageni."

Siwema aliishi na mama mkwe wake, Bi Arafa, na binti yake Kibibi ambaye alikuwa ameanza shule mwaka ule. Mumewe alikuwa safarini kutafuta ukindu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusuka makawa. Na kawa, yaani kile kifuniko cha kufunikia chakula ambacho kwetu hukaa jikoni bila makuu, huko ndicho kitu kikubwa kuliko vyote. Mchezo wa Funua unachezwa nacho. Zawadi inawekwa chini ya kawa, mchezaji anafunua, Karani anatamka neno. Kabla ya kila mchezo Karani husoma sheria kwa kichwa, na watu wote husimama: *Mshindi ni yule aliyefunua akakuta kitu ambacho jana hakikuwapo.* Basi. Sheria yote ndiyo hiyo.

Nilimuuliza Bi Arafa ilikuwaje hongera ikafungiwa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Zamani ilikuwa ya kila mtu," akasema. "Ukipika wali ukachambuka, hongera. Ukipona mafua, hongera. Kisha ukaja mchezo, watu wakaona hongera ya kwenye zawadi ni tamu zaidi. Hii nyingine wakaanza kuiona haina chumvi. Wakubwa wakasema basi tuihifadhi isichuje. Na kweli haijachuja. Mimi sijaionja tangu niwe msichana, lakini najua iko pale, imetunzwa."

Alilisema hilo kwa fahari. Siwema alinikonyeza.

Jioni ile, tulipokuwa tunawanyonyesha mmoja kwa titi na mwingine kwa hadithi, Kibibi alimuuliza mama yake swali ambalo bila shaka alikuwa ameliuliza mara nyingi.

"Mama, nilipozaliwa walikwambia nini?"

"Waliniambia pole, mwanangu. Walikuja wote."

"Na bibi alipofiwa na babu walimwambia nini?"

Siwema akamvutia shuka.

"Pole," Kibibi akajijibu. "Sasa mimi nilikuwa msiba?"

Alipolala, Siwema aliniambia yaliyokuwa moyoni. Alipomzaa Kibibi alilala kitandani, watu wanaingia mmoja mmoja, pole, pole, pole, mpaka akamfunua mtoto akamhesabu vidole akidhani wenzake wameona kitu wanamficha. "Sitaki zawadi, shoga," akasema. "Nataka neno. Huyu anayekuja alikute ndani ya nyumba. Na Kibibi alisikie, ajue linafananaje." Jina la Siwema lilikuwa limetoka kwenye bahati nasibu ya wachezaji. Ijumaa angepanda jukwaani.

Tatizo ni kwamba wiki hiyohiyo Baraza lilikuwa linajadili sheria mpya ya zawadi, na nchi nzima ilikuwa imegawanyika.

Ili niuelewe mgawanyiko wenyewe, Siwema alinipeleka kwanza kumwona Bwana Mbaruku, mshindi wa Zawadi Kuu ya mwisho. Alikuwa ameshinda lifti. Lifti yenyewe ni ya ghorofa saba, vioo pande zote, na mji wao hauna nyumba iliyopanda juu ya mnazi. Imesimamishwa uani kwake kati ya banda la kuku na kisima. Bwana Mbaruku alitukaribisha ndani, akabonyeza kitufe cha saba. Milango ikafunga. Tukatazama juu kwa adabu. Milango ikafunguka, kuku walewale.

"Pole kwa lifti," nikasema, nikiwa nimeshajifunza.

"Aa, mimi naruhusiwa kuambiwa lile lingine," akasema, akainua kidevu. "Ila anayeruhusiwa kuniambia ni Karani tu, naye hapiti huku."

Alikuwa anatembea amejishika kiuno. Siwema alinieleza njiani kwamba kwa desturi yao kawa husukwa kulingana na zawadi, na mchezaji lazima alinyanyue mwenyewe kwa mikono yake. Lifti ilikuwa na kawa zito. Bwana Mbaruku alilinyanyua, akapata hongera ya taifa zima kwa tarumbeta, na mgongo haujakaa sawa hadi leo.

Upande wa pili wa mji walikaa watu wa Vijiko. Huko, zamani kidogo, walijaribu kumpa ushindi kila mtu. Kila aliyekuja mchezoni alifunua kawa dogo kama kofia akakuta kijiko. Nilikaribishwa chai katika nyumba moja, nikaona vijiko vimejaa kwenye madebe, vimetundikwa madirishani vinalia upepo ukipita, vimepangwa njiani badala ya kokoto. Chai yenyewe haikuwa na sukari ya kukoroga. Na Karani, kwa wingi wa washindi, alikuwa amebuni hongera ya jumla: alikaa kitini, akapiga miayo, akawaelekezea mkono wote kwa mpigo.

"Lakini tulishinda," mwenye nyumba aliniambia kwa upole, akinipa kijiko nimpelekee Hilali. Hilali alikitafuna njia nzima.

Baraza lilikaa Jumatano, nasi tukaenda kusikiliza. Mbele alikaa Waziri wa Zawadi, Bwana Mshamu, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza. Alisimama akasema:

"Ndugu zangu, mtu haoti kijiko. Zawadi lazima iwe kubwa kiasi cha kumfanya mtu aache anachofanya. Napendekeza tukusanye zawadi zote za miaka mitano ziwe moja. Mshindi mmoja. Hongera moja, lakini hongera ambayo hata aliye kitandani mgonjwa ataisikia. Hebu niambieni, nani hapa amewahi kuamka akamwambia mkewe, nimeota kijiko?"

"Mimi," akasema mtu nyuma.

"Wewe ulilala na njaa. Kaa."

Akasimama Bi Tunu, mkubwa wa upande wa Vijiko, mama mwembamba aliyezoea kusikilizwa. "Waziri anasema watu waote. Sawa. Lakini mimi nina majirani ambao wameota mpaka wamezeeka, na hawajaguswa na neno hata mara moja. Bora kidogo kinachofika. Na nani ameota lifti? Mbaruku mwenyewe siku hizi anaota ngazi."

Watu wakacheka, Waziri naye akacheka, kwa kuwa Bi Tunu ni shemeji yake.

Akaitwa Mpima Furaha. Huyu ni ofisa anayezunguka na utepe wa fundi cherehani shingoni, akipima upana wa vicheko vya washindi. Alitoa ripoti yake kwa uso usiocheka. Kicheko cha lifti kilikuwa kipana kuliko vyote alivyowahi kupima, ila kilikuwa kimoja na kilifungwa mapema kwa sababu ya mgongo. Vicheko vya vijiko ni vingi mno, lakini hata ukiviunganisha vyote, alisema, havifiki masikioni.

Nikanyoosha mkono. Mgeni anaruhusiwa swali moja. "Kwa nini hongera isitoke bila zawadi?"

Wakanitazama kwa huruma kubwa. Hakuna aliyekasirika. Waziri akaniinamia kama anavyoinamiwa mtoto aliyeuliza mwezi unalala wapi. "Mama Hilali," akasema, "sasa itakuwa hongera ya nini?"

Wakabishana mpaka makarani wakaanza kusinzia. Mwishowe wakaamua hivi: Ijumaa mchezaji awekewe makawa mawili, Kawa Kuu na kawa dogo, na atakalolifunua ndilo litakalokuwa sheria ya nchi. Kisha wote wakageuka kumwangalia Siwema, aliyekuwa anajipepea na ncha ya khanga.

Kuanzia hapo nyumba haikukosa wageni. Watu wa Waziri walileta halua. Watu wa Bi Tunu walileta vijiko vya kulia halua. Aliyeumiza zaidi alikuwa Bi Arafa, maana hakuleta kitu, alikaa tu karibu na mkwewe akasema polepole:

"Mwanangu, usije ukachukua dogo. Ile hongera ya kupiga miayo, ya kutupiwa na wengine kama mtama wa kuku, nayo utasema umeipata?"

"Na lile kubwa nitalinyanyuaje, mama? Niangalie."

Bi Arafa alimwangalia, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Ijumaa jioni uwanja ulijaa. Kawa Kuu lilikuwa kubwa kama paa la nyumba, limesukwa kwa ukindu wa rangi sita. Zawadi iliyo chini ilikuwa siri ya serikali, ila bomba la moshi la kichwa cha treni lilichomoza kwa juu, na kila mtu alijitahidi kutoliona. Nchi ile haina reli. Pembeni yake, juu ya kigoda, kawa dogo. Karani wa Hongera, Bwana Sefu, mtu mzima mwenye kanzu iliyopigwa pasi, akasimama akasoma sheria: *Mshindi ni yule aliyefunua akakuta kitu ambacho jana hakikuwapo.*

Siwema akapanda. Mimi na Bi Arafa tulikuwa chini ya jukwaa, Kibibi katikati yetu. Alilitazama kawa dogo. Akamtazama Kibibi. Kisha akaenda kwenye Kawa Kuu, akainama, akaushika ukingo kwa mikono miwili.

"Mwache mtoto wa watu," Bi Arafa akasema kwa sauti iliyokatika, na sikujua anamwambia nani.

Siwema hakunyanyua. Alibaki ameinama, ameshika palepale, na nilimwona anavuta pumzi kwa ile namna ambayo sisi tuliopita hapo tunaijua. Nikampa Kibibi kijiko cha Hilali amshikie, nikapanda jukwaani mbio.

Nyuma ya jukwaa kuna chumba cha kuhifadhia makawa ya zamani. Tulimlaza humo juu ya mikeka. Bi Arafa, ambaye kumbe amezalisha nusu ya mtaa, alikunja mikono ya gauni, akanituma maji, akanituma nguo, akamkemea Mpima Furaha aliyekuja na utepe wake mlangoni. Nje watu hawakuondoka. Kwa sheria yao mchezaji akishagusa kawa mchezo haufungwi mpaka afunue, kwa hiyo Waziri alikuwa amekaa, Bi Tunu amekaa, taifa lote limekaa, linasubiri.

Mtoto alikuja kabla ya isha. Wa kiume, mwenye sauti. Bi Arafa alimfuta, akamviringisha kwenye khanga, akamfunika na uso kwa ajili ya upepo, akamweka kifuani kwa mama yake. Majirani wakaanza kuingia.

"Pole, Siwema."

"Pole sana, mama."

"Poleni wote."

Kibibi alikuwa amesimama ukutani na kijiko mkononi, akimwangalia kila anayesema. Siwema alikuwa ameshaanza kulia bila sauti. Nami, Mungu anajua, neno lilikuwa limenijaa mdomoni kuliko yale maji. Lakini neno langu lingekuwa la mgeni, la kuziba masikio. Halikuwa lile alilokuwa akilisubiri.

Bwana Sefu akabisha. Alisimama kizingitini, macho chini kwa adabu.

"Samahani, mama mzazi. Wameniagiza niulize. Mchezaji atafunua, au tuahirishe?"

Sidhani hata Siwema alimsikia. "Mama," akamwambia Bi Arafa, "sijamwona vizuri." Na kwa vidole viwili akaushika upindo wa khanga, akaufunua.

Karani aliinua macho kwa bahati mbaya tu. Aliutazama upindo uliofunuliwa, akakitazama kile kiuso chekundu kilichokunjamana. Midomo yake ikaanza kucheza, nami nikatambua kwamba anasoma sheria, anairudia neno kwa neno kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni.

Kutoka nje Waziri akaita, "Karani! Amefunua?"

"Amefunua."

"Kubwa au dogo?"

"Amekuta kitu," Bwana Sefu akasema, na sauti yake, iliyozoea uwanja, ikajaa chumba chote, "ambacho jana hakikuwapo."

Akanyoosha kanzu yake. Alikuwa mtu aliyetamka hongera maisha yake yote na hakuwahi kuitamka mahali penye damu na maji ya moto, na nadhani aliona haitoshi peke yake, maana aliichukua ile nyingine, ya bure, akaziweka pamoja.

"Siwema," akasema. "Pole na hongera."

Huko kwetu tunasema hivyo kila siku, hata hatusikii. Pale ndani nilisikia makawa ya zamani yanachakarika, ni watu walioegemea.

Bi Arafa alikuwa amekaa chini na beseni lake. Akamgeukia Kibibi pale ukutani, akampungia mkono aje. Akaushika mtandio wa Kibibi, akauondoa kichwani taratibu, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Na ya huyu, Bwana Karani," akasema. "Imechelewa, lakini ni yake. Nilikuwapo, mimi ndiye niliyempokea, na jana yake hakuwapo. Mimi shahidi."

"Pole na hongera," Karani akasema mara ya pili.

Kibibi alifikiri. "Ya kwangu na mama?"

"Ya kwako na mama."

Kibibi akampa Karani kijiko.

Sitasema nchi ilibadilika usiku mmoja. Baraza lilikaa tena Jumamosi kuamua kama mtoto ni zawadi kubwa inayotoka mara chache au ndogo inayotoka mara nyingi, maana sheria ilipaswa kufuata mkono wa mchezaji. Waziri alisema ni kubwa, hakuna gharama inayoshinda hiyo. Bi Tunu alisema anatoka kila siku katika kila mtaa, kwa hiyo ni upande wake. Wakaja nyumbani kumpima uzito.

"Mbebe kwanza," Siwema akamwambia Waziri, "halafu ndiyo useme."

Waziri akambeba. Alikaa naye muda, akamnusa utosini kama wanavyofanya wote, na aliponyoosha mikono kumrudisha alikuwa amesahau swali. Kamati, nilisikia, bado inaendelea.

Lakini mtaani nilianza kuona mambo. Dada mmoja alisimama mlangoni na sufuria, akangoja Karani apite, akafunua mkate wa mchele uliofura. Bwana Mbaruku alikuta kuku ameatamia ndani ya lifti, naye akamsubirisha Karani mpaka milango ifunguke. Bwana Sefu alikuwa anatembea tangu asubuhi, kanzu imeloa jasho, na aliniambia ameomba Baraza limruhusu kugawa kazi, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kufika kwenye kila kifuniko. Hakuwa amejibiwa. Alipokuwa ananieleza hayo, mama mmoja upande wa pili wa barabara alimwambia jirani yake lile neno kwa kunong'ona, na Karani akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Siku niliyoondoka, Mwajabu alikuwa zamu langoni. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akanisogelea.

"Mtoto wako," akasema. "Mfunue nimwone."

Nikamteremsha Hilali, nikamwondoa khanga usoni. Alikuwa mtulivu, siku ya kwanza baada ya nyingi.

Mwajabu akakunja uso kwa masikitiko. "Lakini huyu jana alikuwapo. Nilimwona mwenyewe alipoingia. Sheria ni sheria."

Nilikuwa karibu kumwambia haidhuru. Hapo Hilali akamcheka ile kofia, mdomo wazi mpaka mwisho, na sote wawili tukaliona kwa pamoja, jeupe, dogo kama punje ya mchele, limechomoza kwenye ufizi wa chini.

"Hilo," nikasema, "jana halikuwapo."

Mwajabu akavua kofia.